Tisa kwa Moja Hadi Mnarani

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimekabidhiwa ufunguo! Baba mkwe hakunipa mkononi. Aliuweka mezani, akausukuma kwa kidole kimoja kama anamsogezea paka chakula. Haidhuru. Ufunguo ni ufunguo.

Mambo yako hivi. Macho ya mzee yamechoka na ametangaza kwamba haendeshi tena. Gari lake, lile dogo la mviringo lenye injini nyuma, analitoa. Wagombea ni wawili: shemeji yangu, kaka wa mke wangu, na mimi. Kila mmoja anakaa nalo wiki moja, na Jumapili anampandisha mzee kilima cha mnara wa simu mpaka juu. Kisha mzee ataamua. Shemeji wiki yake imekwisha. Jana alimpandisha mzee kwa dakika arobaini na moja. Arobaini na moja! Mtu mwenye mkongojo angewapita. Ndiyo maana namwita Taratibu, ingawa si mbele yake, maana ana mikono mikubwa.

Kinachochelewesha ni desturi ya mzee. Mkifika kona ya tangi la maji, katikati ya kilima, lazima msimame. Mfuniko wa nyuma unafunguliwa. Mzee anakaa juu ya jiwe, anamenya chungwa, analila kipande kwa kipande. Likiisha anachomoa kijiti cha kupimia oili na kukishika kwa vidole viwili. Akihesabu hadi kumi bila kukiachia, safari inaendelea. Asipofika kumi, chungwa la pili. Taratibu alifuata yote hayo kama kasisi, na machungwa alileta yeye. Mnafiki mkubwa.

Mimi nitapanda bila kusimama. Dakika kumi na tano. Mzee atashuka juu pale na chungwa lake zima mfukoni.

Niseme ukweli, kwa kuwa hakuna anayesoma hapa. Gari lenyewe silitaki kiasi hicho. Lakini nimemuoa binti yake miaka kumi na moja, na hadi leo ananiita Bwana Maktaba. Nataka aniite mwanangu. Mara moja tu. Inaniuma kuliko ninavyoonyesha.

Jumanne, 4 Machi

Kazini. Maktaba tupu, isipokuwa yule mstaafu anayekuja kulala kwenye meza ya magazeti. Nikachomoa kitabu cha injini, kikuukuu, jalada limeshikiliwa na gundi tu. Nimemeza sura tatu bila kunyanyua kichwa.

Siri ya nguvu nimeipata! Inaitwa uwiano wa mgandamizo. Pistoni ikiwa chini, silinda imejaa hewa na petroli. Pistoni ikipanda, inaubana mchanganyiko huo kule juu, ndipo plagi inatoa cheche. Ukiubana hadi sehemu moja ya saba, una saba kwa moja. Ukiubana hadi sehemu moja ya tisa, una tisa kwa moja, na petroli ileile inakusukuma kwa nguvu zaidi. Bure kabisa! Kazi ni kupunguza nafasi tu. Mtu yeyote aliyewahi kukalia sanduku la safari ili lifunge ataelewa.

Sura ya nne, kwa mujibu wa orodha ya yaliyomo, ilihusu joto katika injini zisizotumia maji. Imechanwa yote. Sikusikitika. Aliyeichana bila shaka aliona haina maana.

Jioni nikamweleza mke wangu. Alikuwa akikunja nguo. Akauliza kama nimemuuliza baba yake kwa nini injini ile iko jinsi ilivyo. Nikamjibu kwa upole kwamba haya ni mambo ya hesabu, na yeye ni mfamasia, abaki na vidonge vyake.  Shati langu alilikunja hadi likatosha kuingia kwenye bahasha.

Jumatano, 5 Machi

Nimeaga kazini kwamba nina homa. Si uongo mtupu. Jana usingizi sikuupata kwa furaha.

Mafundi magari wote hapa ni marafiki wa mzee. Ukikohoa gereji, yeye anapokea salamu za pole. Kwa hiyo nimemchukua jirani, Fundi Baiskeli. Alisema hajawahi kugusa injini. Nikamwambia hiyo ni faida, hana mazoea mabaya.

Injini hii inashikiliwa na boliti nne kubwa. Tatu tulizifungua kwa nusu saa. Ya nne ilichukua asubuhi nzima. Kisha injini ikashuka ghafla, kwa bahati ikatua kwenye godoro la wageni, ambalo nilikuwa nimelitandika chini yake kwa busara zangu. Godoro sasa ni la wageni tusiowapenda.

Tukailaza ubavu, tundu la plagi likatazama juu, pistoni imepanda hadi mwisho. Nikachukua bomba la sindano jipya kwenye kabati la mke wangu, pamoja na mafuta yake ya kupikia, nikaminya mafuta tunduni hadi yakafika ukingoni. Sentimita za ujazo sitini na sita. Hesabu nikaipiga nyuma ya bahasha, kwa ujazo wa silinda niliounakili kitabuni. Saba kwa moja! Mzee amekuwa akipanda kilima na injini iliyolegea kama soksi.

Tulipoendelea kufungua tukamkamata mwizi wa nguvu. Chini ya kila silinda mtu ameweka pete tatu bapa za chuma, nyembamba kama sarafu, kuinyanyua silinda ili nafasi ya kubania iwe kubwa. Silinda nne, pete kumi na mbili. Kwa makusudi! Fundi gani huyu? Nadhani alikosea vipimo, akaona haya, akajazia. Nilicheka hadi Fundi Baiskeli akaniuliza kama ile homa ni ya kweli.

Alhamisi, 6 Machi

Pete zote nje. Tumefunga, nimepima tena. Arobaini na tisa! Yaani tisa kwa moja, na chenji kidogo. 

Wakati wa kurudisha vitu vya nje, Fundi Baiskeli akashika yale mabati meusi yanayoizunguka injini na kuuliza swali la mtu mwenye akili. Injini hii inapozwa na upepo. Sasa mbona wanaivalisha koti? Baiskeli, alisema, haina bati hata moja, na hajawahi kuona baiskeli iliyochemka. Nilimwangalia kwa heshima mpya. Mabati yote tumeyasukuma uvunguni mwa kitanda. Injini iko wazi, mapezi yake ya kupozea yanaonekana, inapendeza kama samaki sokoni. Gari limekuwa jepesi pia. Boliti saba zimebaki. Nimeziweka kwenye kikombe.

Pete nilizifunga kwenye uzi nikazitundika mlangoni, zilie upepo ukivuma. Mke wangu alirudi, akalitazama godoro, akaitazama chupa ya mafuta, kisha akazitazama pete. Akauliza zimetoka wapi. Nikamsimulia habari ya fundi mzembe, nikamwigiza na sura yake, jinsi alivyokuna kichwa, jinsi alivyotupia pete moja, akaona haitoshi, akatupia nyingine. Niliigiza vizuri sana. Akauliza uzembe wenyewe hasa uko wapi. Nikamwonyesha bahasha. Aliisoma hesabu yangu muda mrefu, akasema imekaa sawa. Kisha akazishusha pete, akazifuta moja moja kwa kanga yake na kuzitia kwenye mkoba wa kazini. Wanawake wanapenda vitu vinavyong'aa.

Ijumaa, 7 Machi

Jaribio barabara ya tambarare. Mshale! Nikikanyaga kidogo tu, kiti kinanisukuma mgongoni. Nimepita lori. Nimepita pikipiki, ingawa ilikuwa imesimama.

Kuna kasauti. Nikiongeza mafuta, nyuma kunasikika kama mtu anatikisa kopo la misumari. Nilichungulia dirishani nikamwona Taratibu amesimama mbele ya duka la vyombo, ameinamisha sikio. Akanifuata hadi kwenye taa. Akauliza, hivi shemeji, hicho kinacholia ni nini? Nikamwambia ni nguvu. Akasema nguvu anazozijua yeye hazilii hivyo, na akanisihi nimwone mzee kabla ya Jumapili. Akanisihi! Ameogopa, ni dhahiri. Nilichapa mwendo nikamwachia vumbi.

Nyumbani nikajaribu kijiti cha oili kwa vidole viwili. Moja, mbili. Nikakiachia. Vidole vyangu ni laini, vya makaratasi, siwezi kujilinganisha na mzee. Nikajaribu tena na kitambaa, nikafika kumi bila shida.

Jumamosi, 8 Machi

Nakiri nina wasiwasi kidogo. Baada ya kwenda dukani na kurudi, injini ilizimwa lakini ikaendelea kuruka yenyewe mara nne tano, kama mtoto anayekataa kulala. Fundi Baiskeli anasema hiyo ni hamu ya kazi.

Hata hivyo mimi si mjinga. Joto lipo, basi tuongeze upepo. Nimeuegemeza mfuniko wa nyuma kwa mwiko, ukae wazi njiani. Upepo wote wa dunia utaingia. Sijui kwa nini waliotengeneza gari hawakuliona hili.

Wakati wa chakula mke wangu alitafuta mwiko, akaukosa, akapakua kwa kikombe. Kisha akaniambia waziwazi: nenda kwa baba leo, mwambie ulichofanya, hatakula mtu. Nikamuuliza anataka mumewe afyate mkia siku moja kabla ya ushindi? Akasema anataka mumewe afike juu. Nitafika, nikasema. Kwa tisa kwa moja nitafika hata mawinguni. Akainuka, akaosha sahani yangu kabla sijamaliza.

Jumapili, 9 Machi

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umefungwa bandeji kwenye vidole viwili.

Saa tatu asubuhi nikamchukua mzee. Alivaa koti, chungwa moja kila mfuko. Alikaa, akafunga mlango, akasikiliza injini ikiunguruma, akanigeukia. Nilidhani anataka kunipongeza. 

Kona ya kwanza tuliila. Ya pili pia! Nilikuwa natabasamu peke yangu kama mwendawazimu. Kona ya tatu kopo la misumari likaanza. Ya nne likawa ndoo ya misumari. Mzee akasema nizime. Nikamwambia, kwa heshima zote, tumebakiza kona sita tu, baba. Akasema tena nizime. Nikakanyaga. Nilifanya hivyo kweli, naona aibu hata kuandika. Nguvu zikaanza kuisha, gari likawa zito kana kwamba kijiji kizima kimedandia nyuma. Harufu ya chuma moto ikajaa. Halafu likakata pumzi. Tulikuwa hatujafika hata kwenye tangi la maji. Taratibu na dakika zake arobaini na moja alifika mbali zaidi yetu.

Pale tuliposimama hapakuwa na jiwe. Mzee alimenya chungwa amesimama. Mimi, ili nionekane nafanya kitu, nikachomoa kijiti cha oili. Hapo ndipo vidole vilipokwenda. Sikufika moja. Nilipiga yowe lililojibiwa na kilima chote.

Kisha mahojiano. Akautoa mwiko na kuuliza huu unapika nini. Nikaeleza habari ya upepo. Akauliza mabati yako wapi. Uvunguni, baba. Uvunguni mwa gari? Mwa kitanda, baba. Akauliza pete nimetoa ngapi. Nilishikwa na butwaa, kwa maana hakuwa amefungua kitu. Akasema amezisikia zisivyokuwepo tangu mlangoni kwake. Nikasema kumi na mbili. Kwa nini? Nikamwambia, huku sauti inanitoka kama ya mbu, kwamba nilidhani zimewekwa na fundi mzembe.

Mzee akacheka. Sijawahi kumsikia akicheka tangu nimuoe binti yake. Alicheka akashika gari, akaliachia haraka kwa kuwa lilikuwa la moto, akaendelea kucheka. Alipotulia akatoa simu, akapiga, akasema: "Njoo utuvute. Bwana Maktaba anataka kukutana na fundi mzembe."

Walikuja kwa gari la Taratibu. Mke wangu akashuka na kamba na mkoba wake. Akaenda moja kwa moja nyuma, akainama, akanusa, akamwambia baba yake kuwa ni silinda ya tatu, ndiyo hupata joto kuliko zote. Mzee akakubali kwa kichwa. Nilimwangalia mke wangu kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake.

Yeye ndiye aliyeziweka zile pete. Alikuwa na miaka kumi na saba. Injini ilikuwa inachemka kila wakipanda, na baba yake alitaka kuliuza gari. Akapima kwa mafuta ya kupikia, akapiga hesabu, wakaziweka pete pamoja kwa siku mbili. Alinieleza akifunga kamba, bila hasira, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Ukiubana mchanganyiko sana unapata nguvu, ndiyo, lakini unapata joto pia, na petroli ya hapa haivumilii, inalipuka kabla ya zamu yake. Hiyo ndiyo misumari. Gari lenye maji lina mahali pa kulipeleka joto. Hili lina oili, mapezi na upepo wa feni tu. Mabati si koti. Ndiyo yanayoulazimisha upepo upite kwenye mapezi badala ya kuzurura. Nami nimeyatoa, na kwa mwiko wangu nikaiachia feni ivute tena hewa ileile ya moto.

Nikamuuliza kwa nini hakusema mapema. Akasema alisema Jumanne. Na Jumamosi. Alhamisi aliuliza tu, kwa sababu nilikuwa nafurahi sana na yule fundi wangu.

Niliumia. Si vidole tu. Nilimwigiza mbele yake, na sura na yote, na yeye akanisifia hesabu.

Tulivutwa na Taratibu. Sikuhesabu dakika.

Jumatatu, 10 Machi

Kwa baba mkwe, chini ya kibanda chake cha mabati. Injini nje tena, safari hii kwa dakika thelathini na bila godoro. Kichwa cha pistoni ya tatu kimetobokatoboka kama kimepata ndui. Mzee alikuwa na nyingine kwenye boksi lake la vipuri, kama anavyokuwa na kila kitu. Mke wangu alirudisha pete kumi na mbili mwenyewe. Nilishika tochi. Waliniambia mara tatu niielekeze kwenye injini na si usoni mwa watu.

Uamuzi umetoka. Gari ni la binti. Mzee alisema alitaka kulitoa kwa mtu anayelijua, na alikuwa amezunguka mbali kwa sababu ya mazoea ya kudhani magari ni ya wanaume. Alimwomba binti yake radhi mbele yetu. Nilijifanya nakagua tochi. Taratibu alifurahi kuliko wote. Amekiri kwamba magoti yake hayaenei mle ndani, na wiki nzima alikuwa anaomba Mungu nishinde. Nilimfikiria vibaya mtu huyu. Nadhani nitaendelea kumwita Taratibu, lakini kwa upendo.

Wakati wa kumalizia, oili ilimwagika kidogo. Mzee akasema: "Mwanangu, mpe mumeo kitambaa afute."

Nimelitafakari jambo hili jioni nzima. Hakunisema mimi. Lakini ndani ya pumzi moja alisema mwanangu na akanitaja na mimi. Tumekaribia sana.

Jumatano, 12 Machi

Jana mke wangu alitupandisha kilima hadi mnarani, baba yake mbele, mimi nyuma, karibu na injini. Tulisimama kwenye tangi. Mzee alifika kumi kwa chungwa moja, akanimegea vipande viwili. Mke wangu anaendesha vizuri, hilo nalikubali bila kinyongo.

Ila kukaa nyuma kumenifundisha jambo ambalo wao wa mbele hawalioni. Leo asubuhi, wakati anawasha, injini ilikohoa. Ilikohoa mara tano! Na wakati wa kuteremka jana niligusa ukuta wa nyuma, ulikuwa wa vuguvugu tu. Tatizo la injini hii sasa si joto. Ni baridi.

Nimehakikisha kitaalamu. Maktaba nimepata kitabu kingine, kizima, hakuna ukurasa uliochanwa. Nimesoma sura ya kwanza, na inasema wazi kwamba injini ikiwa ya baridi inakula petroli zaidi na kujisaga yenyewe. Sura zilizobaki nitazisoma baadaye, muda hautoshi.

Kabatini kuna blanketi la kijivu la sufu ambalo hakuna anayelitumia. Nimelipima. Linaizunguka injini yote, na feni pia, na linabaki la kukunja. Fundi Baiskeli ameshalitafutia kamba. Amesema kitu kilekile nilichokuwa nafikiri, kwamba mtu akikohoa unamfunika. Mzee atakapoona gari la binti yake linawaka kwa jaribio la kwanza asubuhi, bila kikohozi, safari hii neno hilo atalielekeza kwangu moja kwa moja.

Kesho mke wangu anakwenda kazini kwa miguu. Ufunguo ameuficha kwenye kopo la sukari.